Uzi Unaoshona Mikono Yetu Upimwe Hapa Hapa

Katika toleo hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watashangaa kuliona katika gazeti la siasa. Nalo ni uzi. Ule uzi ambao daktari mpasuaji huutumia kuunganisha kano za mkono zilizokatika. Twajua wapo watakaosema, "Haya ni mambo ya madaktari, gazeti la chama lina haja gani nayo?" Sisi twawajibu kwamba nchi hii yalimwa kwa mikono, samaki wake huvuliwa kwa mikono, na nyumba zake hujengwa kwa mikono. Mtu asiyeweza kukunja vidole hawezi kushika jembe, wala panga, wala kuendesha cherehani. Basi jambo linaloamua kama mkono utapona au hautapona ni jambo la wananchi wote, na wananchi wana haki ya kulielewa.

Kwanza tueleze kano ni kitu gani, maana wengi wetu huiita mshipa tu. Kano ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayounganisha msuli na mfupa. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo katika vidole vyenyewe. Imo katika kigasha, chini ya kiwiko. Msuli ukijivuta, kano huvutwa, ikapita kiganjani na kuingia katika ala nyembamba iliyomo ndani ya kidole, nacho kidole kikakunjika. Ni kama baharia avutaye kamba na tanga likasogea, ingawa yeye amekaa mbali nalo. Kano ikikatwa, msuli hauna cha kuvuta. Kidole hubaki kimenyooka, hata kama ngozi imepona na kovu ni dogo.

Ajali za namna hii wanazijua watu wote. Mkata mkonge na mkata miwa hujikata kwa panga. Muuza samaki hukatwa na kisu kilichoteleza. Mama anayepasua nazi, mchinjaji, kijana aliyeangukia chupa iliyovunjika, fundi aliyeshikwa na msumeno. Hao wote hufika hospitali na kitambaa chenye damu mkononi. Daktari ataitafuta ncha moja ya kano, ataitafuta na ya pili, kisha atazishona. Kuanzia saa ile, mkono wa mtu yule unategemea uzi mwembamba kuliko uzi wa kushonea viatu.

Kwa muda mrefu hata mabingwa wa Ulaya na Marekani waliogopa kushona kano zilizomo ndani ya ala ya kidole. Daktari Sterling Bunnell wa Marekani, aliyetoa kitabu kikubwa juu ya upasuaji wa mkono mwaka 1944, alipaita mahali pale nchi isiyo na mwenyewe. Yeye na wengi waliomfuata walishauri kufunga ngozi tu, kisha baadaye kupandikiza kano nyingine. Woga wao ulikuwa na sababu. Kano iliyoshonwa na kulazwa bila kusogezwa iligandana na ala yake, na kidole kikawa kama kijiti. Kano iliyoshonwa na kusogezwa mapema ilikatika. Mwaka 1967 Daktari Harold Kleinert na wenzake wa mji wa Louisville, Marekani, walitoa taarifa kwamba kano hizo zaweza kushonwa mara moja na kidole kikapona, mradi mshono uwe mzuri na kidole kianze kusogezwa mapema kwa uangalifu. Hapo ndipo kazi ya kupima nyuzi ilipopata maana kubwa. Ikiwa kidole lazima kisogezwe kabla kano haijaungana, basi kitakachoshika kano ni uzi peke yake. Je, uzi utahimili?

Swali hilo halijibiwi kwa maneno. Hujibiwa kwa kilo. Mwaka 1992 Schuind na wenzake walichapisha vipimo vilivyofanywa katika mikono ya watu hai waliokuwa wakipasuliwa kwenye kifundo cha mkono. Waliona kwamba kidole kikikunjwa na mtu mwingine, kano huvutwa kwa nguvu isiyozidi kilo 0.9 hivi. Mgonjwa akikikunja mwenyewe bila kushika kitu, nguvu hufika hadi kilo 3.5. Akibana kitu kwa ncha ya kidole, hufika hadi kilo 12. Sasa weka hesabu hizo kando ya mshono wa kawaida wa zamani, ambao nyuzi 2 tu huvuka pale kano ilipokatika. Mshono huo kwa jumla hustahimili kilo 2 hadi 3. Kila mtu aliyewahi kupima karafuu au korosho kwenye mizani aweza kuona hatari iliyopo. Mgonjwa akijaribu tu kukunja kidole chake, aweza kuuzidi mshono.

Tena liko jambo la pili. Mwaka 1941 Mason na Allen wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa, wakaonyesha kwamba kano iliyoshonwa hupungua nguvu katika siku za kwanza kabla ya kuanza kuongezeka, maana ncha za kano hulainika na uzi hauna cha kushika vizuri. Kwa hiyo mshono ulioonekana imara mezani kwa daktari waweza kuwa dhaifu juma linalofuata. Hapana budi uwe na akiba.

Akiba hiyo hupatikanaje? Wengi hudhani ni kwa kununua uzi wa bei kubwa. Majaribio ya miaka mingi yasema vingine. Kinachoongeza nguvu kwanza ni idadi ya nyuzi zinazovuka pale palipokatika. Njia iliyochapishwa na Kessler mwaka 1973 ilivusha nyuzi 2. Mwaka 1985 Savage wa Uingereza alichapisha majaribio ya mshono wenye nyuzi 6, akaonyesha kwamba una nguvu zaidi sana. Leo wapasuaji wengi wa mikono hutaka angalau nyuzi 4. Jambo la pili ni unene wa uzi, na hapa msomaji asidanganywe na namba, maana uzi wa namba 4-0 ni mwembamba kuliko wa 3-0. Jambo la tatu ni jinsi uzi unavyoikamata kano, na la nne ni fundo. Wazee walisema kamba hukatikia pabovu, na katika mshono pabovu mara nyingi ni pale penye fundo.

Ama nyuzi zenyewe, kila moja ina wema wake na ubaya wake. Hariri ilipendwa tangu zamani kwa kuwa ni laini mkononi na fundo lake hushika. Lakini ikilowa hupungua nguvu, na mwili huidhoofisha kidogo kidogo. Uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe hupoteza nguvu zake katika majuma machache, na kano yahitaji kushikwa kwa majuma 6 na zaidi. Kwa hiyo haufai kazi hii, hata kama ulifaa kazi nyingine. Waya wa chuma cha pua una nguvu nyingi na haunyumbuki, lakini ni mgumu kufunga, na ncha zake huchoma. Nailoni ya uzi mmoja hupita vizuri ndani ya kano, lakini hunyumbuka, na fundo lake huteleza lisipozungushwa mara nyingi. Polipropilini haidhuriwi na maji, lakini nayo hunyumbuka. Poliesta iliyosukwa hushika fundo na hainyumbuki sana, lakini msuko wake waweza kuficha vijidudu na kuikwaruza kano. Siku hizi zimetoka nyuzi zenye polithilini ya nguvu nyingi. Hizo huzishinda nyingine kwa kuvutwa, lakini bei yake ni kubwa, na fundo lake huteleza lisipozungushwa mara nyingi zaidi. Hakuna uzi hata mmoja katika orodha hii ambao mtu aweza kusema, huu ndio, hauna haja ya kupimwa.

Sasa twafika kwenye neno letu. Wapo mabwana wasemao, "Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamekwisha kupima. Kwa nini sisi tujisumbue kupima tena?" Twawajibu kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni safari na hali ya nchi. Maandishi yaliyo juu ya boksi la uzi husema habari za siku ule uzi ulipotoka kiwandani. Hayasemi habari za majuma uliyokaa ndani ya kontena lenye joto, wala siku zake bandarini, wala miezi yake katika ghala lenye bati bila dari. Ziko nyuzi zinazoyeyuka mwilini, kama zile za asidi ya poliglikoli, ambazo huyeyuka kwa sababu ya maji. Ndiyo maana hufungwa katika pakiti isiyopitisha unyevu. Pakiti ikitoboka katika mji wa pwani wenye hewa ya mvuke, uzi huanza kuharibika kabatini kabla ya kumfikia mgonjwa. Kwa macho huonekana mzima. Kipimo peke yake ndicho kiwezacho kuusema ukweli wake.

Sababu ya pili ni kwamba daktari wa wilaya hushona kwa uzi alionao. Bingwa wa mji mkubwa wa Ulaya aweza kuchagua katika kabati lenye nyuzi za kila namna. Daktari wetu hufungua droo akakuta namna moja au mbili, na pengine si zile zilizoandikwa katika kitabu alichosoma. Huyu ahitaji kujua: kwa uzi huu nilio nao, nivushe nyuzi ngapi, na fundo nilizungushe mara ngapi, ili mkulima huyu akunje kidole bila hatari? Jibu la swali hilo halitatoka ng'ambo.

Sababu ya tatu ni mkono wa mshonaji mwenyewe. Mafundo ya watu wawili si sawa, hata kama uzi ni mmoja. Daktari kijana aliyeshona kano 20 za mbuzi na kuziona zikikatika mbele yake hujifunza udhaifu wa fundo lake kabla hajalifunga katika mkono wa mtu.

Tena asitokee mtu kusema kwamba nchi za Afrika haziwezi kazi hii. Majirani zetu wamekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya majaribio yaliyofanywa Rwanda, ambayo wapasuaji walifunga ngozi ya wagonjwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki uliotakaswa, wakaulinganisha na uzi wa hospitali. Uzi wa kuvulia ulionekana wafaa kwa kazi ile, tena kwa bei ndogo. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa nyingine kutoka mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 wenye ngiri walitengenezwa, wengine kwa wavu wa hospitali wa dola 125, wengine kwa kitambaa cha namna ya chandarua cha mbu kilichogharimu dola 1. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu 1 tu wa wavu wa bei ndogo, na katika kundi la pili hakuna. Tofauti hiyo haina uzito katika hesabu.

Lakini twaomba msomaji aelewe vizuri mafundisho ya habari hizi. Hatusemi kwamba kila kitu rahisi ni kizuri. La, hasha! Uzi uliofaa kufunga ngozi kule Rwanda haujathibitishwa kwa kano, maana ngozi haivutwi kama kano inavyovutwa. Anayechukua uzi wa dukani akamshonea mtu kano bila kipimo anacheza na mkono wa mwenzake. Vilevile anayeamini uzi kwa sababu tu ni ghali, au kwa sababu umetoka nchi fulani, naye anacheza. Wenzetu wa Rwanda na Uganda walistahili heshima kwa kuwa walipima, wakalinganisha kwa haki, wakaandika yote waliyoyaona, ule mmoja ngiri iliyemrudia wakamtaja pia. Hiyo ndiyo heshima ya elimu.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kano za mnyama huchukuliwa machinjioni zikiwa mbichi. Katika nchi nyingine hutumia nguruwe, na wengine hutumia kondoo. Kwetu kondoo na mbuzi huchinjwa kila siku, na miguu yao haikosekani. Kano hukatwa kwa kisu kikali, ikashonwa kwa uzi unaopimwa, ikawekwa ikiwa imelowa, kwa joto la mwili ikiwezekana, maana mwilini hakuna ukavu. Kisha ncha zake hubanwa katika mashine na kuvutwa polepole. Mpimaji huandika mambo matatu. Kwanza, ni kwa kilo ngapi mwanya ulianza kuonekana kati ya ncha mbili. Pili, ni kwa kilo ngapi mshono ulishindwa kabisa. Tatu, ulishindwaje: uzi ulikatika, au fundo liliteleza, au uzi uliipasua kano kama waya upasuavyo sabuni. Hili la tatu lina faida kubwa. Ikiwa uzi umeipasua kano, kununua uzi wenye nguvu zaidi ni kupoteza fedha. Cha kubadilisha ni namna ya kuikamata kano.

Jambo la mwanya nalo lisidharauliwe. Mwaka 1999 Gelberman na wenzake walichapisha majaribio kwa mbwa yaliyoonyesha kwamba mwanya ukizidi milimita 3, kano haiongezi nguvu kama ipasavyo katika majuma yanayofuata. Kwa hiyo uzi waweza kuwa haujakatika, na bado kazi ikawa imeharibika. Tena kuvuta mara moja hakutoshi. Kidole cha mgonjwa husogea mara nyingi kila siku, na uzi uliostahimili kilo 4 mara moja waweza kuchoka kwa kilo 2 zilizorudiwa mara elfu.

Watasema, "Mashine ni ghali." Ni kweli kwa vituo vidogo. Lakini pa kuanzia papo hata pasipo mashine. Funga kano iliyoshonwa kwenye kulabu, ning'iniza ndoo chini yake, pima uzito wa ndoo, kisha mimina maji polepole. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tazama mwanya, andika hesabu, rudia kwa kano nyingine nyingi, na yule anayesoma hesabu asiambiwe ni uzi gani. Kipimo cha ndoo hakitoshi kumruhusu mtu kutumia uzi mpya kwa binadamu, lakini chatosha kumwonya daktari kwamba boksi hili limeharibika au fundo hili halifai. Kwa kipimo kamili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kiko Upanga, nao wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wako Mlimani. Ni mji mmoja. Anayejua kupima nguvu za chuma na anayejua kushona kano wanaweza kukaa meza moja.

Basi twataka mambo haya. Twataka vyuo vya uganga na uhandisi vifanye upimaji wa nyuzi kuwa sehemu ya mafunzo, kila mwaka, kwa nyuzi zile zile zinazokaa katika droo za hospitali za wilaya. Twataka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ichukue mifano ya nyuzi kutoka maghala ya mikoani, yenye joto na unyevu, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo wananchi wanaifahamu. Twataka Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kiwe mahali ambapo matokeo ya nchi moja huifikia nchi nyingine, ili uzi ulioshindwa Dodoma usije ukashonwa Lusaka bila habari.

Nanyi ndugu wanachama mna sehemu yenu. Mtu akikatwa mkononi, hata jeraha likiwa dogo, akunje kila kiungo cha kila kidole. Kiungo kisichokunjika ni dalili kwamba kano huenda imekatika, na mtu huyo asikubali kushonwa ngozi tu na kurudishwa nyumbani. Aende kwa mpasuaji katika siku za kwanza, asingoje miezi. Akishashonwa, alinde banzi lake, afanye mazoezi kwa kadiri alivyoelekezwa, asipunguze wala asizidishe. Kano yataka kama majuma 12 kabla ya kazi nzito. Mwajiri anayemwita mtu shambani kabla ya hapo anaukata uzi kwa mkono wake mwenyewe, na tawi la chama mahali pale lisinyamaze.

Tangu zamani mkulima wetu huikagua kamba yake kabla ya kumfunga ng'ombe, na mvuvi huujaribu mshipi wake kabla ya kuutupa baharini. Hakuna aliyewafundisha ng'ambo. Ni kwa sababu ng'ombe ni wao, na samaki ni wao. Mikono inayoshonwa hospitalini nayo ni yetu. Tuupime uzi wake.